Wamebadilika, au Tumewapima kwa Mizani Isiyofaa? Neno kuhusu Sauti Sol na Wasikilizaji Wao

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeisikia mara nyingi katika kibanda cha kinyozi kilichoko Kabiro, mtaa wetu wa Kawangware, jijini Nairobi. Haikuwa ikitumiwa kumwonya kijana aliyekataa kuwaamkia wazee. Ilitumiwa kulihukumu kundi la muziki la Sauti Sol, na aliyeitumia kwa uchungu zaidi alikuwa kaka yangu mkubwa. Nimeona vyema niilete hukumu hiyo mbele ya wanachama wenzangu na wahadhiri wetu, kwani naamini inatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Kundi hili lilianzishwa mwaka wa 2005 na vijana watatu walioimba pamoja katika Shule ya Upper Hill: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi. Baadaye waliungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno. Albamu yao ya kwanza, *Mwanzo*, ilitoka mwaka wa 2008. Muziki wake ulikuwa wa taratibu. Gitaa lilipigwa kwa upole, sauti zikapangwa mithili ya kwaya, na msikilizaji akaachiwa nafasi ya kuwaza. Wakati huo mimi nilikuwa darasa la tano. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimetikisa Kibera na Kawangware, na kwetu nyumbani tulikuwa bado tukishtuka kila mlango ulipogongwa usiku. Kaka yangu aliipata sidii ya nyimbo hizo, akawa akiziweka kwa sauti ya chini hadi tupatwe na usingizi. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si hakimu asiyeegemea upande wowote.

Kisha muziki ukageuka. Haukugeuka kwa siku moja kama wanavyodai wengi. Baada ya *Sol Filosofia* ya mwaka wa 2011, kundi lilishirikiana na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini mwaka wa 2012, na tayari ala za kielektroniki zikaanza kusikika. Mwaka wa 2014 zilitoka *Nishike*, ambayo video yake ilizua kelele hata baadhi ya vituo vya televisheni vikakataa kuionyesha, na *Sura Yako*, ambayo iliingia katika kila harusi. Mwaka huohuo kundi lilitunukiwa tuzo ya MTV ya Ulaya kwa wasanii bora wa Afrika. *Live and Die in Afrika* ilitoka mwaka wa 2015, ikafuatwa na *Afrikan Sauce* iliyojaa ushirikiano na wasanii wa mataifa mengine ya Afrika, na *Midnight Train* ya mwaka wa 2020 chini ya kampuni ya Universal. Mnamo Novemba 2023 waliwaaga mashabiki wao jijini Nairobi, kila mmoja akashika njia yake.

Wasikilizaji waligawanyika, na kibanda cha kinyozi kikawa baraza. Kaka yangu alishikilia kwamba wale vijana walikuwa wameiuza roho ya muziki wao ili wapendwe na kila mtu. Vijana wadogo walimcheka na kudai kwamba nyimbo za zamani zilikuwa za kumlaza mtoto. Kinyozi mwenyewe, huku akipuliza nywele kwenye mashine yake, alisema kwamba wimbo usiochezeka harusini haumlipii mtu kodi ya nyumba. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye unayesomea haya mambo. Ninyi watu wa Kiswahili mnasemaje?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa na miaka kadhaa ya kusomea fasihi chuoni, lakini wimbo uliokuwa ukichezwa katika kila matatu namba 46 haukuwahi kutajwa darasani. Nilipofika nyumbani nilijiuliza ni wapi katika masomo yangu nimewahi kukutana na ugomvi wa namna ile. Ndipo nilipoukumbuka mgogoro wa ushairi.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaufahamu. Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka wa 1954, na kwa wengi vina na mizani vikawa ndio uti wa mgongo wa shairi. Miaka ya sabini wakazuka vijana wa vyuo vikuu. Mulokozi na Kahigi walichapisha *Mashairi ya Kisasa* mwaka wa 1973, naye Kezilahabi akatoa *Kichomi* mwaka wa 1974. Wanamapokeo walisema kwamba hayo si mashairi ila ni nathari iliyokatwakatwa. Wanausasa wakajibu kwamba vina na mizani ni pingu. Maneno makali yalitupwa pande zote mbili, na baadhi yake yanafanana mno na yale niliyoyasikia Kabiro: wameacha asili, wameiga wageni, wanatafuta sifa.

Katikati ya mgogoro huo, mwaka wa 1973, ilichapishwa *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla. Mashairi yake alikuwa ameyatunga gerezani, alikofungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?* Fani yake ni ya mapokeo matupu. Vina vimepangwa na mizani imetimia, lakini maudhui yake yalikuwa makali kuliko mengi yaliyoandikwa na waliojiita wanamapinduzi wa fani. Diwani hiyo moja yatosha kutuonyesha kwamba umbo la kale halimzuii mtu kusema jambo jipya, wala umbo jipya si hakikisho kwamba lililosemwa ni jipya. Leo hii mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya husoma mashairi ya arudhi na mashairi huru katika somo lilelile, na hakuna anayeona ajabu.

Nikiurejesha mtazamo huo Kabiro, naona kwamba wengi wa waliolalamika, na hata wengi wa waliotetea, walibishana kuhusu ngoma wakaliacha neno. Nitatoa mifano miwili. Katika kiitikio cha *Sura Yako*, nomino "sura", ambayo sote twajua ni ya ngeli ya I-ZI, imepewa kivumishi "mzuri" badala ya "nzuri". Je, hilo ni kosa? Ni uhuru wa mshairi? Au ni Kiswahili cha Nairobi kama kinavyosemwa, ambamo ngeli ya A-WA inazidi kuzimeza nyingine? Mimi naegemea jibu la tatu, na nakiri kwamba linanitia wasiwasi kidogo, kwa sababu watoto wengi wameujifunza upatanisho huo kwa wimbo kabla ya kuufundishwa na mwalimu. Katika kelele zote nilizozisikia kibandani kuhusu wimbo huo, hakuna aliyelitaja jambo hili.

Mfano wa pili ni *Tujiangalie*, wimbo walioutoa mwaka wa 2018 pamoja na Nyashinski, wakati kundi lilikuwa limekwisha kuhukumiwa kwamba halina tena fikra. Wimbo huo unaitaka jamii ya Kenya ijitazame na kujiuliza inakoelekea. Sidai kwamba unafikia uzito wa mtu aliyefungwa kwa ajili ya waraka wake. Hata hivyo swali lake ni jamaa wa karibu wa swali la mwaka wa 1968. Yeyote anayesema kwamba mdundo wa kuchezeka uliua maudhui hana budi kutueleza wimbo huu ulitoka wapi.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Wasikilizaji wa zamani hawakukosea kuhisi kwamba kuna kitu kilichopungua. Walikosea kukitaja. Tazama majina ya albamu zenyewe: ya kwanza ni *Mwanzo*, ya mwisho ni *Midnight Train*. Ni kweli kwamba Kiingereza kilikuwamo tangu awali, kwani hata *Mwanzo* ilikuwa na wimbo uitwao *Blue Uniform*. Lakini kufikia mwaka wa 2020, nyimbo kama *Insecure* zilikuwa zikimsemesha msikilizaji wa mbali kabla ya yule wa Kawangware. Hili ndilo badiliko ambalo mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kulilalamikia, kwa kuwa ngoma hurudi na kuondoka, bali lugha ikishazoea kukaa nje ya mlango hairudi kwa urahisi.

Wapenzi wa taarabu wametutangulia katika hili. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka wa 1928, anakumbukwa kwa kuiimba kwa Kiswahili taarabu iliyozoeleka kwa Kiarabu katika kasri la Sultani. Badiliko hilo lilikuwa kubwa, na leo tunamshukuru. Miaka ya tisini ilipokuja taarabu ya kisasa yenye vinanda vya umeme na mipasho, wazee wengi hawakulalamikia kinanda peke yake. Walisema kwamba fumbo limekufa: lililokuwa likisitiriwa sasa linatamkwa waziwazi. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini angalau unajua ni kipi wanachokililia, na unaweza kuufungua wimbo na kulipima dai lao. Huo ndio uhakiki.

Jioni moja nilimketisha kaka yangu tukasikiliza nyimbo za vipindi vyote viwili, neno kwa neno. Alikubali kwamba baadhi ya nyimbo za baadaye zina maneno mazito kuliko alivyodhani. Alikubali pia kwamba baadhi ya zile za zamani alizipenda bila kuyasikiliza maneno yake. Kisha akasema, "Lakini hizi mpya hazikuwako usiku ule." Sikumjibu. Hilo ni dai la haki, ila si dai dhidi ya wasanii. Nyimbo zile zilimfaa siku alipozihitaji, na hakuna albamu iliyoahidi kumrudishia siku hizo wala kumwepusha nazo. Mhakiki ni sharti autenganishe uchungu wa msikilizaji na kasoro ya wimbo, bila kuudharau uchungu huo.

Nimalizie kwa kutugeukia sisi wenyewe. Nilipomweleza mmoja wa wakubwa zangu katika taaluma kwamba ningependa kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za aina hii, aliniuliza kama hiyo nayo ni fasihi. Swali lake ni lile lililoulizwa kuhusu *Kichomi*. Kwa maoni yangu, vyama vyetu vya Kiswahili vingefanya jambo la maana kama vingetenga walau kikao kimoja kila muhula cha kuzichambua nyimbo zinazosikika nje ya lango la chuo: ngeli zake, taswira zake, lugha inayochaguliwa na anayesemeshwa. Kule Kabiro uhakiki unaendelea kila Jumamosi, na wahakiki hawana istilahi wala hawana wa kuwapa. Kinyozi alituuliza sisi tunasemaje. Nimechelewa kumjibu, ila nakusudia kurudi kunyolewa juma lijalo, na safari hii nitakuwa na la kusema.