Udugu Usiomwita Daktari



Wamo katika jumuiya zetu wazazi ambao watoto wao wanasoma katika vyuo vikuu vya Marekani, na wengine wanajiandaa kuwapeleka. Huuliza juu ya ada, baridi na chakula. Tunawasihi waulize pia juu ya vile vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na juu ya mateso wanayopewa vijana kabla ya kupokewa humo.

Hatusemi kwamba kila chama ni kiovu. Martin Luther King alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1906 na wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell ili wasaidiane. Kijana aliye mbali na kwao huhitaji ndugu, na hilo si kosa. Kosa ni bei anayotozwa.

Tazameni yaliyompata Timothy Piazza, kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha Penn State. Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, alipokuwa akipokewa katika chama cha Beta Theta Pi, alinyweshwa pombe mfululizo hata akaanguka kwenye ngazi. Wale walioitwa ndugu zake walimwona akiwa hajitambui. Zilipita karibu saa 12 kabla ya mmoja wao kupiga simu kuomba msaada. Alifariki tarehe 4. Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi hao tuwaiteje? Huo ni udugu wa nazi, hukutania chunguni.

Wapo wanaosema kwamba kijana hukubali mwenyewe. Jibu hilo tunalikataa katakata. Ni hiari gani aliyo nayo kijana aliye peke yake mbele ya kundi lililoshika ufunguo wa urafiki anaoutamani? Utu wa mtu hauwekwi rehani. Hata sheria ya jimbo la Pennsylvania ya mwaka 2018, yenye jina la Timothy na iliyopiganiwa na wazazi wake, inatamka kwamba ridhaa ya mwanafunzi si utetezi kwa aliyemtesa.

Wengine husema kwamba hiyo ni mila, kama jando. Jando nalo lina lawama zake; lakini jandoni wazee walikuwapo, kila mwari alikuwa na mlezi wa kumjibia, na wazazi walijua mtoto wao ameitiwa nini. Katika nyumba zile aliyevushwa jana ndiye anayemvusha wa leo, akilipiza kwa mgeni aibu aliyotiwa yeye, na mzazi hufichwa yote.

Navyo vyuo je? Ilibidi itungwe sheria ya nchi nzima, Desemba 2024, ili vilazimike kuhesabu na kutangaza matukio ya namna hiyo. Kwa nini mzazi aliyelipa ada asubiri sheria ndipo aambiwe ukweli juu ya usalama wa mwanawe?

Kwa hiyo, wazazi, msikae kimya. Kabla mtoto hajajiunga na chama chochote, someni taarifa ambazo chuo kinapaswa kutoa. Mwambieni waziwazi kwamba chama kinachomtaka awafiche wazazi wake kimekwisha kujihukumu chenyewe. Mhakikishieni kwamba akikataa na kuondoka, nyumbani hatachekwa.

Tena msidhani kwamba mtoto wenu anaweza kuwa yule aliyelala sakafuni tu. Huenda akawa mmoja wa wale waliosimama wakitazama. Mfundisheni tangu sasa kwamba mwenzake akianguka, aite msaada kwanza, hata kama kundi zima litamwita msaliti. Msaliti wa kweli ni yule anayeilinda siri, mtu akifa mbele yake.