Wanavyuo wa Nchi ya Chai na Kuni za Mesi

Nyumba njema si mlango. Msafiri atokaye Kericho kuelekea Bomet huiona nchi iliyovikwa kijani kutoka bondeni hadi kileleni, akaondoka akiamini kwamba pahali hapa pana mazingira yasiyo na dosari. Lakini kijani cha chai si kijani cha msitu. Jani bichi la chai hubeba maji yanayofikia takriban robo tatu ya uzito wake, na halina budi kukaushwa hadi yabaki maji ya asilimia tatu hivi. Kazi hiyo hufanywa kwa mvuke, na mvuke katika viwanda vingi vya chai nchini Kenya hutokana na kuni. Kila pakiti ya majani chai inayofika sokoni ina gogo lililotangulia kuteketea.

Katikati ya nchi hii ndipo vilipo vyuo kadha wa kadha: Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka 2013, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilichoanzishwa mwaka 2017, vyuo vya walimu na vya ufundi. Aghalabu chuo hakikosi chama cha mazingira, na aghalabu chama hicho hujulikana kwa shughuli moja: siku ya kupanda miti. Mgeni wa heshima hualikwa, fulana huchapishwa, miche hushushwa kutoka kwenye lori, hotuba husomwa, picha hupigwa. Mche hutiwa shimoni na mkono unaotabasamu. Kisha kila mtu hurudi darasani.

Si haki kuibeza shughuli hiyo. Imepata hata baraka za dola: Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Mwanachuo aliyeinama na jembe siku ile alifanya jambo jema. Swali ni lile lisiloulizwa na mpiga picha: ni nani aliyekuwapo Januari? Kericho husifika kwa mvua za karibu mwaka mzima, lakini Januari na Februari ardhi hukauka, na katika maeneo ya bondeni huanguka jalidi inayobabua hata chai yenyewe. Miezi hiyo, kutegemea kalenda ya chuo, huenda wanafunzi wakawa likizoni au wakihangaikia karo ya muhula mpya. Mche hauna likizo. Chama kinachohesabu miche iliyopandwa bila kuhesabu iliyopona hakina tofauti na mwalimu anayehesabu waliosajiliwa akasahau waliofuzu.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa sherehe hizo ni kwamba huyageuza macho ya wanafunzi nje ya jambo lililo karibu nao kuliko yote, nalo ni jiko. Shule na vyuo vingi nchini Kenya bado hupikia kuni. Lori la kuni huingia langoni asubuhi, wanafunzi wakalipisha njia, na jioni wakala ugali na sukuma wiki bila kuuliza gogo lile lilikatwa wapi. Yumkini ni mkaratusi uliopandwa na mkulima kwa ajili ya kuuzwa. Hapo hapana lawama. Yumkini pia ni mti wa asili uliotoka ukingoni mwa Mau usiku. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko miche mia tano, nayo imo katika stakabadhi za ofisi ya ununuzi, si katika bustani ya chuo.

Mkaratusi nao unastahili kutetewa kidogo, maana umekuwa mbuzi wa kafara. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iliyo kandokando ya mito na katika ardhi oevu ing'olewe kwa kuwa hunywa maji mengi. Amri ile ilikuwa na msingi. Lakini mti huo hukua upesi kiasi cha kutoa kuni katika muda wa miaka minane au kumi, na lau usingekuwapo vilimani, viwanda na majiko yangegeukia wapi? Yafaa kuulaumu mkaratusi uliopandwa mtoni, wala si mkaratusi kwa kuwa ni mkaratusi. Wanavyuo wanaotaka kazi ya maana wanaweza kuanza kwa kuutembelea mto mmoja ulio karibu, kwa mfano Nyangores upitao Bomet, wakaandika ni wapi mikaratusi ingali imesimama ukingoni na ni wapi ukingo uko wazi. Nyangores hukutana na Amala wakauzaa mto Mara, unaowanywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Viktoria huko Tanzania. Orodha fupi iliyoandikwa Bomet ina wasomaji hadi Musoma.

Ipo sababu nyingine inayofanya upandaji wa miti upendwe: haumkasirishi mtu. Kuizungumzia Mau hukasirisha. Msitu huo, wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000, ndio chemchemi ya mito ya nchi ya chai na ndio unaoshusha ubaridi na ukungu ambavyo chai haiwezi kuishi bila hivyo. Mwaka 2001 serikali ya wakati huo ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 katika hifadhi za misitu nchini, sehemu kubwa ikiwa ya Mau. Watu wakagawiwa ardhi, wengine wakauziwa na wakubwa. Mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, familia nyingi ziliondolewa humo, wengi wao wakiwa Wakipsigis. Kwa hiyo si ajabu katika chama kimoja cha mazingira wakaketi bega kwa bega binti anayejua kwamba kisima cha kwao hukauka mapema kuliko zamani na kijana ambaye nyumba ya wazazi wake ilibomolewa kwa jina la msitu huohuo. Wote wawili wana ukweli. Chama kinapokimbilia miche na fulana, mara nyingi kinakimbia mjadala baina ya hao wawili.

Ni mjadala wa chuo kikuu hasa. Mwanasiasa hawezi kuuendesha kwa sababu anahesabu kura. Ofisa wa msitu hawezi kwa sababu ana amri ya kutekeleza. Wanafunzi wana ukumbi, wana muda wa jioni, na bado hawajawa na mashamba ya kutetea. Wakishindwa wao kuuliza mtu aliyehadaiwa akauziwa kipande cha msitu alipwe na nani, na mto ulindwe vipi bila kumtupa mtoto barabarani, ni vigumu kuona ni nani atakayeuliza kwa upole.

Historia haikosi mfano. Mapema mwaka 1999 Wangari Maathai, mwasisi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura jijini Nairobi, uliokuwa umegawiwa wastawishaji. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta waliandamana kuutetea msitu huo na kukabiliana na polisi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura imesimama hadi leo. Ni kweli mawe yaliyorushwa siku zile hayana sifa ya kuigwa, na waliopoteza masomo walilipa gharama yao. Lakini wanafunzi wale walikuwa na swali moja lililo wazi: nani amepewa msitu huu? Nguvu yao ilikuwa katika swali, na mche ulikuwa ishara yake.

Wanavyuo wa sasa wana njia ambayo wale hawakuwa nayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaiwekea taasisi ya umma siku 21 za kujibu, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hapo ndipo vyama vya Kiswahili vinapoingia, navyo vimechelewa. Ripoti za tathmini ya mazingira aghalabu huandikwa kwa Kiingereza kizito, ilhali wachumaji chai, waliokusanyika kutoka jamii mbalimbali katika makambi ya mashamba makubwa, huelewana kwa Kiswahili. Anayekunywa maji ya mto chini ya kiwanda hasomi ripoti inayomhusu. Wanafunzi wanaojifunza tafsiri darasani kwa kutumia matini za kubuni wangeweza kutafsiri muhtasari wa ripoti moja tu kwa muhula, wakausoma kambini siku ya Jumapili, wakasikiliza maswali.

Kabla ya hapo wanaweza kuanzia nyumbani. Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, ikienda kwa ofisi ya chuo cha umma: mesi ilinunua kuni kiasi gani mwaka uliopita, zilitoka kwa nani, muuzaji alionyesha kibali gani, meko ya kuokoa kuni yangegharimu kiasi gani, na maji machafu ya mabweni huishia wapi. Tarehe iwekwe juu, jina la chama chini, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pale ambapo siku ya ishirini na mbili kila mpita njia ataweza kuona kama jibu limefika.