Nani Kasema Kuigiza Hakufundishwi?

Kuna kauli inayorudiwa kila tunapozungumzia filamu na maigizo yetu, nayo imetugharimu mno: kuigiza ni kipaji cha kuzaliwa, hakusomewi. Ukiwa nacho unacho, na usipokuwa nacho hakuna mwalimu atakayekupa. Tukifika kwenye igizo la kubuni papo hapo, lile lisilo na maneno yaliyoandikwa, ndiyo kabisa. Wengi huamini hapo hakuna hata cha kufundisha: mtu anapanda jukwaani, anafungua mdomo, mengine anamwachia Mungu.

Naipinga imani hii yote, mwanzo hadi mwisho, maana matunda yake tunayaona kila siku kwenye televisheni. Dairekta anafika lokesheni, anawaambia waigizaji wawili: wewe mume, wewe mke, kuna meseji imekutwa kwenye simu, gombaneni. Kamera inawashwa. Wanasimama uso kwa uso kama nguzo za umeme, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize ili naye aseme lake. Mikono inaning'inia, kidole kinanyooshwa, sauti zinapanda, na zikishapanda hazina tena pa kwenda. Miguu haina habari kwamba kuna ugomvi. Zima sauti ya televisheni uone: huwezi kujua kama wanaachana au wanaelekezana njia ya stendi. Watu hawa hawakukosa kipaji. Wamenyimwa mafunzo, halafu tunawasema kwamba hawana kipaji.

Na mafunzo hayo yapo. Jacques Lecoq, Mfaransa aliyezaliwa 1921 na kufariki 1999, alianza kama mwalimu wa michezo. Aliujua mwili kwanza: jinsi unavyosukuma, unavyovuta, unavyoruka, unavyochoka. Mwaka 1948 alikwenda Italia, na huko Padua akafanya kazi na mchongaji Amleto Sartori, fundi wa barakoa za ngozi. Mwaka 1956 akafungua shule yake Paris, mafunzo ya miaka miwili. Mwanafunzi wa pale alianza kubuni papo hapo tangu mwanzo, lakini alibuni kimyakimya. Maneno yalisubiri mpaka mwili uwe na la kusema.

Chukua zoezi lake moja maarufu. Mwanafunzi anavaa barakoa tulivu, uso usiocheka wala kulia. Anaambiwa: rafiki yako mpenzi anaondoka kwa meli kwenda upande wa pili wa dunia, huenda msionane tena, nenda gatini ukamuage. Basi. Asiyefunzwa hukimbia na kupunga mkono papo hapo, na kila aliyekaa pale anaona kwamba hakuna meli, maana mkono umeinuka kabla macho hayajafika baharini. Mwalimu hamwonyeshi namna ya kufanya. Humwambia kipi hakijakaa sawa, kisha anapanda mwingine. Polepole utaratibu unajitokeza: macho yanaiona meli, pumzi inabadilika, kifua kinavutwa mbele, ndipo mkono unainuka, na meli inapozidi kwenda mbali mwili mzima unabaki unaifuata. Utaratibu huo unafundishika. Mtu anaweza kuukosea Jumatatu na kuupata Ijumaa.

Sababu ya kufundishika ni mwili wenyewe. Anayesukuma mkokoteni wa saruji hausukumi kwa viganja. Nguvu inatoka kwenye nyayo, inapita kwenye nyonga, inaishia mikononi. Mwigizaji anayesukuma kwa viganja peke yake ametuonyesha mkokoteni mtupu, hata apige kelele vipi kuwa ni mzito. Mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine alipita kwa Lecoq. Mwongozaji mwenzake Simon McBurney pia, na Julie Taymor aliyeongoza The Lion King ya jukwaani mwaka 1997. Wana vipaji, sikatai. Na bado walikwenda kufundishwa.

Wala si Lecoq peke yake. Kule Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1930, Viola Spolin alikuwa akifanya kazi na watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji, akawatungia michezo ya kuwafundisha kuigiza. Mmojawapo ni kuvutana kamba isiyoonekana. Sheria yake ni kali: kamba ikisogea kwangu, lazima itoke kwako. Huwezi kuicheza ukisubiri zamu yako. Lazima umtazame mwenzako, mabega yake, magoti yake, kila nukta. Wale mume na mke wa kwenye filamu wangecheza kamba hiyo asubuhi moja tu, ugomvi wao ungebadilika.

Najua jibu linalokuja: hayo ni ya Wazungu. Basi twende kwa Wamakonde. Mchezaji wa mapiko, ngoma yao ya vinyago, hufunikwa kichwa kizima kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo, hata usimjue ni nani. Hana uso wa kukunja wala machozi ya kutoa. Tabia ya anayemwigiza unaisoma kwenye hatua, kwenye mabega, kwenye namna anavyoijibu ngoma. Mapiko yanafungamana na jando, na jando ni shule. Mambo yake yalirithishwa kwa kufundishwa, kwa siri na kwa nidhamu. Hakuna mzee wa Kimakonde aliyemtupa kijana uwanjani eti kipaji kitamwongoza.

Wengine watanitajia mchekeshaji King Majuto. Namheshimu sana marehemu, na ndiyo maana nakataa kuambiwa alizaliwa hivyo. Alianza jukwaani akiwa mtoto, miaka mingi kabla ya filamu kumfikisha sebuleni kwetu. Jukwaani hadhira ikinuna unajua hapohapo kwamba umechelewa kugeuka. Hiyo ilikuwa shule, tena ngumu, na majukwaa ya namna ile sasa ni machache mno kumlea kijana wa leo.

Wala tusisingizie fedha. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, na mazoezi haya hayahitaji zaidi ya sakafu safi na mtu anayejua kutazama. Watayarishaji walipe siku za mazoezi kama wanavyolipia kamera. Na siku ya usaili, badala ya kumwambia kijana alie, mpeni ndoo ya hewa, aibebe ikiwa imejaa, aimwage, arudi nayo tupu. Akirudi kwa mwendo uleule aliokwenda nao, msimfukuze. Muulizeni kama kuna mtu amewahi kumfundisha.