Malkia wa Uyoga na Swali la Jaji

UPEPO WA ZIWANI
Na Rosa Awino

Mwaka wa 2014 waandaaji wa Miss Uganda waliwapeleka walimbwende wao zizini. Kabla ya magauni na viatu virefu, wasichana wale waliwekwa kambini wakikamua ng'ombe na kushughulika na mbuzi na kondoo, huku jeshi la Uganda, UPDF, likiwa mshirika wa shindano lenyewe. Serikali ilikuwa ikihangaika kuwavuta vijana warudi kwenye kilimo, ikaona urembo ni chambo kizuri. (Kuhusu wanajeshi kusimamia walimbwende sina la kusema, ila nadhani hakuna aliyethubutu kuchelewa mazoezini.) Taji lilimwendea Leah Kalanguka, mhitimu wa uhandisi wa kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Makerere, ambaye pia alikuwa mfugaji wa kuku na mkulima wa uyoga.

Alivyopokelewa mitandaoni ni aibu tupu. Watu waliichambua sura yake kama wanaochagua nyanya sokoni, na uyoga wake ukageuzwa mzaha. Waliocheka hawajawahi kuukuza. Uyoga hauoti kwa kumwaga mbegu na kungoja mvua. Unachukua mabua au maganda ya pamba, unayachemsha ama kuyapika kwa mvuke ili kuua vimelea, unayaacha yapoe, kisha unapanda mbegu kwa mikono iliyooshwa sawasawa na kuifungia mifuko gizani. Hapo unalinda joto na unyevu mchana na usiku. Kuvu wa kijani akiingia mfuko mmoja kwa sababu ulikuwa na haraka, unauaga mfuko huo kabla hajahamia wa pili. Hiyo ni maabara, hata kama kuta zake ni za udongo.

Nimemkumbuka Leah kwa sababu kila mashindano ya urembo ya kaunti yanapokaribia, huku Usenge, kaunti ya Siaya, malalamiko huwa yale yale. Mama mmoja mwenye kibanda cha samaki aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye karai la mafuta: "Nyathina (mwanangu), mimi sikuuza omena miaka hiyo yote ili mtoto wangu akapimwe kiuno." Binti yake anasomea sayansi chuoni na ametamani kuingia ulingoni. Nilimwelewa mama yule, na sitajifanya kwamba mashindano haya hayapimi viuno. Yanapima, hata pale ambapo vazi la kuogelea limeondolewa. Lakini nadhani tunalaumu mguu wakati jeraha liko kwingine. Kinachonikera mimi si msomi kuvaa taji, bali maswali anayoulizwa akishafika jukwaani.

Tazama Marekani. Mshindi wa Miss USA mwaka wa 2017, Kára McCullough, alikuwa mwanakemia aliyeajiriwa na tume ya serikali inayosimamia usalama wa nyuklia. Mtu kama huyo ana mengi ya kumweleza mwananchi wa kawaida kuhusu mionzi, ambayo wengi wetu tunaiogopa bila kuijua. Jukwaani hakuulizwa lolote kuhusu hayo. Aliulizwa kama matibabu ni haki ya kila raia au ni upendeleo, na akapewa sekunde chache tu za kulijibu jambo ambalo wabunge wao wamelumbana kulihusu kwa miongo. Akasema ni upendeleo, kwa kuwa yeye mwenyewe bima yake aliipata kupitia ajira. Kelele zilizozuka zilimlazimu siku chache baadaye kufafanua kwamba anaamini inafaa iwe haki. Kemia yake ikafunikwa na zogo hilo.

Miaka miwili baadaye akaja msichana ambaye hakungoja kuulizwa. Camille Schrier alikuwa na shahada mbili kutoka Virginia Tech, moja ya biokemia, na alikuwa akisomea udaktari wa famasia. Kwenye sehemu ya vipaji, ambako wenzake huimba au kucheza densi, yeye alivaa koti la maabara akamwaga kemikali mbele ya majaji. Povu likaruka juu. Dawa yenyewe ni haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kusafishia vidonda na kubadilishia nywele rangi saluni. Ikiachwa yenyewe huvunjika polepole kuwa maji na oksijeni. Ukiitia kichocheo inavunjika mara moja, na sabuni inainasa oksijeni hiyo ikawa povu. Alieleza yote hayo huku akitabasamu, na Desemba 2019 akavikwa taji la Miss America 2020. Ulipokuja ugonjwa wa Korona, akakaa nalo hadi mwishoni mwa 2021. Kampeni yake ilihusu matumizi salama ya dawa, yaani alizungumzia kitu anachokijua.

Kwetu Afrika Mashariki kuna Flaviana Matata. Mzaliwa huyu wa Shinyanga alisomea umeme Arusha, na mwaka wa 2007 akawa Mtanzania wa kwanza kupanda jukwaa la Miss Universe. Alikwenda Mexico na kichwa kilichonyolewa, akaingia kumi bora. Mama yake alikuwa miongoni mwa mamia waliokufa MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, katika ziwa hili hili la Victoria tunaloamka tukilitazama. Baadaye alianzisha wakfu wa kuwasomesha wasichana. Nimesikiliza mahojiano yake kadhaa: mitindo, nywele, New York. Sijabahatika kusikia mtangazaji akimuuliza kuhusu umeme.

Basi turudi Siaya. Kaunti hii ni miongoni mwa zenye vizimba vingi zaidi vya samaki nchini, na vingine vinaelea hapa karibu na Usenge. Oksijeni ile iliyorusha povu la Camille ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama sato wa kizimbani ataamka hai. Upepo ukilikoroga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu. Samaki wa ziwani hukimbia, lakini wa kizimbani atakimbilia wapi? Novemba 2022 samaki walikufa kwa wingi vizimbani upande wa Kisumu, na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni. Maelezo ya aina hiyo hutolewa hotelini, kwenye warsha, kwa lugha ya ripoti. Yakishafika ufuoni yamekuwa uvumi kwamba fulani ametia sumu.

Msichana aliyesoma kemia, aliyezaliwa hapa Yimbo, anayejua kusimama mbele ya watu elfu bila kutetemeka, angeyaeleza kwa Dholuo na Kiswahili na akasikilizwa. Sasa waandaaji wetu humuuliza nini? Humuuliza angefanya nini akipata nafasi ya kukutana na Rais.

Wakinipa mimi karatasi ya maswali, la kwanza ni hili. Ni saa nane mchana. Omena wameanikwa kwenye nyavu nne, mbili juu ya vichanja na mbili mchangani, na mawingu yanakuja kutoka upande wa kisiwa cha Mageta. Una turubai moja. Utafunika wapi kwanza, na walioloa utawauza kwa nani kabla hawajaoza? Wanawake wa bichi hii hulijibu swali hilo kwa vitendo kila msimu wa mvua, maana omena aliyeharibika huishia kwa wauza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. La pili lingehusu vizimba: samaki wako wanapumulia juu ya maji alfajiri, eleza chanzo na hatua ya kwanza utakayochukua kabla ya jua kuchomoza.

Mezani pa majaji ningemweka mama mmoja mwanika omena, mtafiti mmoja wa taasisi ya utafiti wa samaki ya KMFRI kutoka Kisumu, na hao wa mitindo wabaki na kiti kimoja. Zawadi iwe karo ya chuo kikuu, na Bondo ambako kuna Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga si mbali. Asipopatikana wa kujibu msimu wa kwanza, taji likae kabatini hadi mwaka ujao.