Mshauri Naye Ajihoji



Juma lililopita alifika ofisini kwangu, hapa Kalangalala, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Anaandaa tasnifu juu ya wajane wa wachimbaji wadogo waliofukiwa na kifusi katika maduara ya dhahabu. Aliniomba nimwandikie majina ya wajane kumi ninaowafahamu. Nilimkatalia. Alisikitika, akidhani kwamba nadharau utafiti wake. Tukakaa tukazungumza, na mazungumzo hayo ndiyo ninayopenda kuwashirikisheni Dominika hii.

Wako wanaouliza: mshauri ana haja gani na utafiti? Si inatosha awe na sikio la kusikiliza na moyo wa huruma? Zamani nami niliwaza hivyo. Lakini huruma hutufikisha tu mlangoni kwa mfiwa. Haituambii kama neno tulilomwachia lilimsaidia au lilimwongezea mzigo. Ni mara ngapi tumemwambia mjane "jikaze", tukaondoka tumeridhika, wala tusirudi kumwuliza?

Tutazame mfano wa jirani. Watafiti waliwafuatilia watoto 640 waliofiwa na wazazi, huko Moshi na huko Bungoma, Kenya. Baadhi walipewa tiba ya mazungumzo na washauri wasio wataalamu, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Wengine waliendelea na misaada ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Bungoma, waliopata tiba walikuwa na nafuu zaidi hata baada ya mwaka mzima. Moshi, kwa muda huohuo, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Tiba ni ileile, matunda ni tofauti. Basi nani atatueleza habari za wajane wa Rwamgasa na Mgusu pasipo kufika huko na kuwasikiliza?

Na kusikiliza kwenyewe kunahitaji kufundishwa. Mama wa hapa hasemi kwamba ana sonona. Husema "nina mawazo", au "moyo unauma". Hojaji iliyotafsiriwa kwa haraka kutoka Kiingereza itampita kando, na mtafiti ataandika kwamba mama huyo hana tatizo.

Kwa nini, basi, nilimnyima majina? Ya kitubio yamefungwa kabisa. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa haiachi mwanya. Lakini hata yale niliyoambiwa kibarazani, niliambiwa kama padre. Tena, mjane akitumiwa mgeni na paroko wake, je, atakuwa na uhuru wa kusema "sitaki"? Ridhaa inayotolewa kwa kumwogopa au kumstahi padre ni ridhaa ya jina tu.

Tulikubaliana njia nyingine. Tangazo litasomwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Anayependa atamtafuta mtafiti mwenyewe, nami sitajua ni nani aliyekwenda. Mwanafunzi naye atarudi kwanza kwa msimamizi wake, wapange ni nani atakayemhudumia mama ambaye kidonda chake kitafunguka katikati ya maswali. Aliniambia kwamba darasani walitumia muda mwingi kujifunza hesabu za takwimu, na muda mchache sana kwa jambo hili. Nawasihi walimu wa vyuo vyetu waupindue mpango huo: anayejiandaa kutibu mioyo ajifunze kwanza kutoijeruhi, ndipo ajifunze kuipima.

Nanyi waamini, atakapowajia mtafiti msimfukuze, wala msimjibu kwa woga. Mwulizeni: Nani amekupa kibali? Maneno yangu utayahifadhi wapi? Nikilia, nani atabaki nami? Na je, utarudi kutueleza uliyoyaona? Swali hilo la mwisho ni zito. Tasnifu inayompatia mwenyewe joho la mahafali, kisha ikalala kabatini, imechukua machozi ya watu bila kuyalipa.

Sisi Wakristo tumezoea kuitafiti dhamiri kabla ya kulala. Kwa mshauri, utafiti wa kweli ni zoezi la namna hiyo: kujiuliza kwa unyofu, mbele ya ushahidi, kama kweli nimemsaidia mwenzangu. Mwanafunzi yule alipoaga hakuwa na jina hata moja katika daftari lake. Naamini aliondoka akiwa mshauri bora kuliko alivyoingia.

Nawatakieni Dominika njema.