Vichwa vya mada vilihama, maelezo yakabaki

Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka tangu Ramadhani, na betri ilishavimba mpaka kifuniko cha nyuma kikawa hakifungi. Jumamosi moja ya Septemba, mama mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo aliamua kulimaliza jambo hilo. Alimwachia mdogo wake duka, akapenya katikati ya watu na mikokoteni hadi Mtaa wa Aggrey, ambako simu huuzwa na kutengenezwa mlango kwa mlango. Makubaliano yalikuwa ya kawaida ya mtaa ule: anatoa ya zamani, anaongeza hela juu, anaondoka na nyingine.

"Shikamoo mama. Vitu vyako vyote nakuhamishia, usiwe na wasiwasi," fundi alimwambia.

Na kweli alihamisha. Namba za wateja, picha za arusi, mazungumzo ya WhatsApp, vyote vikaingia kwenye simu mpya. Mama akakumbuka kitu kimoja zaidi. Binti yake, anayesoma shule ya kutwa na aliyekuwa amebakiza wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, alikuwa akiitumia simu hiyo kila jioni kuandika notsi zake. Akamweleza fundi kwamba hizo zisipotee kabisa.

Programu aliyokuwa akiitumia binti haikupatikana tena kwa simu mpya. Fundi, kijana asiyekosa njia, aliitoa kazi yote kama faili moja, akalipitisha kwenye kompyuta yake, akaliingiza kwenye programu nyingine inayofanana na ile. Kisha akamgeuzia mama kioo. Kila kitu kilijipanga: Biolojia, Historia, Jiografia, Kiswahili. Mama akagusa Kiswahili, ikafunguka Fasihi. Akagusa Fasihi, zikatoka Riwaya, Tamthiliya na Ushairi. Kwenye Riwaya akaiona Takadini, akaiona Watoto wa Mama N'tilie. Moyo ukatulia. Akalipa. Simu ya zamani ikafutwa palepale mezani, na kabla mama hajafika kona ya Msimbazi ilikuwa imeshafunguliwa kwa ajili ya vipuri.

Jioni binti aliishika simu mpya kwa furaha, akaenda nayo chumbani. Haikupita robo saa akarudi sebuleni.

"Mama, maelezo yako wapi?"

"Si hayo hapo, mwanangu? Nimeyaona mwenyewe dukani."

"Haya ni vichwa tu, mama. Chini yake hamna kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Chini ya Takadini yalisimama maneno Dhamira, Wahusika, Muundo, Mtindo, Mandhari, ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anaweza kuyaandika akiwa usingizini. Kilichokosekana ndicho alichokihangaikia kwa karibu miaka miwili. Chini ya jina la Sekai, mama anayetoroka ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino, binti alikuwa ameandika hoja alizozipata mwenyewe, pamoja na yale aliyoyasema mwalimu darasani bila kuyaandika ubaoni. Hayo hayapo kwenye kitabu wala kwenye notsi za kununua.

Mama hakuelewa mara moja kwa nini binti analia ilhali mada zote zipo. Alielewa pale binti alipochukua daftari la madeni la dukani, akafunika kwa kiganja upande wenye kiasi na tarehe, yakabaki majina matupu. Mfanyabiashara wa Kongo anajua thamani ya daftari la namna hiyo.

Mkasa huu si wa fundi mzembe, wala si wa mama asiyejua simu. Alikagua, tena kwa umakini kuliko wazazi wengi. Shida ni kwamba programu za aina hii huweka vitu viwili vinavyoonekana kama kimoja. Kuna muhtasari wenyewe, yaani kichwa kikubwa, ndani yake kidogo, ndani yake kidogo zaidi. Halafu kuna maelezo yanayoning'inizwa chini ya kila kichwa, ambayo mara nyingi hujificha mpaka uyaguse. Wakati wa kuhama, cha kwanza husafiri vizuri karibu kila mara. Cha pili hutegemea bahati, au kwa usahihi zaidi, hutegemea kama programu mbili zinaelewana.

Ni sawa na kuhama nyumba kwa kirikuu. Kabati linafika, droo zote zinafika, na anayetazama kwa mbali anaona nyumba imehamia salama. Siku ya kutafuta cheti cha kuzaliwa ndipo droo inapofunguliwa na kukutwa haina kitu.

Mchezo huu una historia. Mmarekani Dave Winer ndiye aliyetoa ThinkTank, moja ya programu za mwanzo za kupanga muhtasari kwenye kompyuta ndogo, mwaka 1983. Mwaka 2000 kampuni yake nyingine ikatoa mtindo wa faili uitwao OPML, ambao leo programu nyingi za muhtasari, kama Workflowy na Dynalist, zinaweza kuutoa na kuupokea. Faili la OPML ni maandishi ya kawaida yaliyofungwa kwa alama, na kila kichwa kina mstari wake. Lakini mwongozo wake haukuweka mahali rasmi pa maelezo ya chini ya kichwa. Watengenezaji wa programu kadhaa wakazoea kuyabandika pembeni mwa kichwa kwa alama iliyoandikwa _note. Programu inayoifahamu alama hiyo huyasoma. Nyingine huyageuza maelezo kuwa vichwa vipya, muhtasari ukavurugika lakini maneno yakabaki. Na nyingine huyapita kimya kimya, bila onyo lolote. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyomkuta binti.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, mama alirudi Aggrey akiwa na binti, aliyeombewa ruhusa ya saa mbili shuleni. Mama hakwenda kwa ugomvi. Binti alikuwa ameuliza swali moja tu usiku ule, ambalo ndilo lililookoa kazi: lile faili lililopita kwenye kompyuta, je, lilifutwa?

Halikufutwa. Lilikuwa kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, katikati ya mamia ya mafaili ya wateja. Fundi alilifungua kama maandishi ya kawaida, pasipo programu yoyote ya muhtasari. Ukurasa ulijaa alama za kuchosha macho, lakini katikati yake, mbele ya neno _note, alikuwamo Sekai na kila kilichoandikwa juu yake. Programu ya zamani ilikuwa imeyafunga maelezo yote ndani ya faili. Programu mpya ndiyo iliyokataa kuyafungua.

Fundi aliliingiza faili kwenye programu ya tatu inayoisoma alama ile, na maelezo yakajitokeza, kila moja chini ya kichwa chake. Hakudai hata senti. Kitu kimoja hakikurudi: picha za ubaoni ambazo binti alizipiga akiwa ndani ya programu ya zamani, michoro ya moyo na figo pamoja na ramani mbili. OPML hubeba maandishi. Picha zile zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya programu yenyewe, si pamoja na picha nyingine za simu, kwa hiyo zilifutika pamoja na simu. Michoro ya Biolojia binti aliinakili upya kutoka kwa rafiki yake wa darasani. Ramani mpaka sasa hajazipata.

Jambo la kwanza ambalo familia hii ililijua kwa kuchelewa ni kwamba mwenye notsi ndiye anayepaswa kuwapo siku ya kuhamisha. Mzazi huona vichwa akaridhika, kwa sababu hajui kilichokuwa chini yake. Mtoto atagusa moja kwa moja pale penye maelezo marefu. Kama yuko shuleni, simu isubiri mpaka Jumamosi mchana au likizo. Haraka ya kubadilisha simu siku za kazi mara nyingi ni ya mzazi, si ya simu.

La pili, jaribio hufanywa kwa mada moja kabla ya kuhamisha zote. Ichaguliwe mada iliyo ngumu kuliko nyingine: yenye vichwa ndani ya vichwa, maelezo marefu, orodha na picha. Ikifika nzima, zilizobaki zina nafuu. Ikifika nusu, hakuna kilichoharibika, maana simu ya zamani bado ipo mkononi.

Hapo ndipo penye gharama, na wazazi wengi hawapendi kuusikia ushauri huu: simu ya zamani isitolewe siku hiyohiyo. Wiki moja inatosha. Ni kweli kwamba kule Aggrey bei hupangwa simu zote mbili zikiwa mezani, na ukirudi baada ya wiki huenda ukapewa pungufu kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na miaka miwili ya kazi ya mtoto. Wiki ikiisha na mtoto akathibitisha, simu ifutwe kabisa kabla ya kumfikia mtu mwingine, kwa kuwa ndani yake kuna namba za watu, picha za nyumbani na mambo ya fedha.

Wapo watakaosema simu za siku hizi hujihamisha zenyewe unapoingiza akaunti ya Google. Hujihamisha kwa kiasi. Programu huweza kurudi na jina lake na alama yake, lakini kilichoandikwa ndani yake kisirudi, kama programu yenyewe haikuwa na akaunti wala haikuhifadhi kitu mtandaoni. Swali la kumuuliza mtoto leo, kabla simu haijaharibika, ni jepesi: ukiingia kwenye simu nyingine kwa akaunti yako, notsi zako utaziona? Akisita, hazipo mtandaoni.

Wanaotumia Google Keep wana njia rahisi kidogo, kwa sababu notsi zake huweza kunakiliwa kwenda Google Docs, na humo zikahifadhiwa kama waraka wa kawaida. Waraka uliopangwa kwa vichwa vya ngazi, uwe wa Google Docs au wa Word, hufunguka karibu popote, na maelezo yake hayana mahali pa kujificha. Yako palepale chini ya kichwa, yanaonekana. Kwa mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza au cha pili, pengine huko ndiko kwa kuanzia, hata kama programu za muhtasari zinavutia zaidi kwa kukunjuka na kukunja. Kunakili na kubandika kupitia ujumbe wa simu ndiyo njia ya kuogopwa. Nafasi za mwanzo wa mistari, ambazo ndizo zinazoonyesha kipi kiko ndani ya kipi, hupotea kirahisi, na muhtasari ukageuka orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu.

Faili lenyewe nalo litunzwe, hata baada ya programu mpya kulipokea. Mtoto ajitumie kwa barua pepe, na nakala nyingine ikae kwa mzazi. Watu wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa ubaya wa kuweka mzigo wote chini ya paa moja. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu lilipoungua, wako waliofunga vibanda jioni na kukuta majivu asubuhi. Na kwa mtahiniwa aliyebakiza wiki chache, karatasi bado ina heshima yake. Steshenari ziko kila mtaa kuanzia Gerezani hadi Mnazi Mmoja, na kurasa zilizochapishwa hazina programu ya kugombana nayo.

Binti alichapisha za Kiswahili na Historia kwanza. Mama ndiye aliyezipanga kurasa kwenye faili la plastiki, jioni moja wakati wateja wamepungua, na alipofika kwa Sekai aliacha kupanga akaanza kusoma. Mteja alisimama mlangoni na kuulizia bei ya doti mara mbili kabla ya kujibiwa.

Siku iliyofuata alimwomba binti amwekee na lile daftari la madeni kwenye simu. Binti akamuuliza aanze na majina.

"Anza na kiasi," mama alisema. "Majina nayajua."