Wamama waulizwe mapema

Wamama wapendwa, mnajua inavyoanza: watu wanakuja kupima kiwanja, na sisi tunaouza kando ya barabara ndio wa mwisho kuambiwa.

Juma hili tunawaletea habari ya Fruitvale, mtaa wa Oakland, Marekani. Mwaka 1991 shirika la treni, BART, lilitaka kujenga karibu na kituo jengo la ghorofa la kuweka magari. Wakaaji walikataa, maana lingewatenga na maduka yao. Lakini hawakuishia kukataa. Unity Council, shirika la mtaa lililoongozwa na mama Arabella Martinez, liliwakusanya waseme wanachotaka. Mwaka 2004 vilifunguliwa pale kituo cha afya, maktaba, shule ya watoto wadogo, maduka na nyumba 47.

Kasoro ilikuwepo: nyumba 10 tu ndizo zilizowekwa kwa wenye kipato kidogo.

Basi sisi, tukisikia mtaa utapangwa upya, twende kwa shefu wa kartie na karatasi mkononi: soko litakuwa wapi, choo wapi, watoto watapita wapi, na nyumba tutalipia ngapi. Tusingoje mashini za kubomoa.